Alama Tano kwenye Mkono wa Bi Swaran

Erdington, Birmingham
14 Januari 2024

Shangazi Mghoi mpendwa,

Salamu za mwaka mpya zimechelewa, najua, na najua utalisema hilo kabla hujaifungua bahasha. Mimi ni mzima. Goti lako je? Ng'ombe amezaa? Hapa baridi inakata masikio, na treni ya asubuhi imefutwa mara tatu wiki hii, kwa hivyo naenda kazini Kingstanding kwa basi nikiwa na soksi mbili mbili. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho tulipigiana kelele dakika kumi nzima, wewe "nani?", mimi "Wakesho!", mpaka jirani akagonga ukuta. Basi tuendelee na barua, masikio yako yapumzike.

Sasa nikuchekeshe. Hapa kwenye nyumba ya wazee kuna karatasi imechorwa mtu, mbele na nyuma, hana nguo wala uso. Ukimwosha mzee ukaona alama yoyote mwilini, unaichora pale ilipo, halafu unaandika pembeni ukubwa, rangi na umbo. Unatia sahihi na saa. Wenzangu huandika "bruise", alama ya kugongwa, wamemaliza, wameenda kunywa chai. Mimi natoa rula. Naandika umbo la yai, sentimita tatu kwa mbili, zambarau, manjano ukingoni. Meneja wetu, Fiona, aliisoma mbele ya watu wote akaniuliza nilisomea wapi. Nikamwambia, kwa shangazi yangu, darasa la sita, na mawe ya mtoni.

Unayakumbuka yale mawe? Ulileta karai zima. Mtoto akisema "round" unampa jiwe alizungushe mezani, na lisipozunguka anakaa chini na aibu yake. Ndipo ukatupa "roundish" na "squarish" na "longish", yaani kama duara, kama mraba, kama refu, ukasema hayo ni maneno ya mtu mkweli ambaye hana uhakika. Mimi nilidhani ni mambo ya mtihani. Kumbe ulikuwa unanipa kazi Uingereza!

Kuna mama mmoja Mpunjabi, Swaran, miaka themanini na sita. Hapa mzee huitwa kwa jina lake tupu, lakini ulimi wangu unakataa, namwita Bi Swaran. Kiingereza kimemtoka chote, amebaki na Kipunjabi, mimi namjibu kwa Kidawida chetu cha Taita, na tunasikizana vizuri kabisa. Nikimchana nywele hunishika kidevu. Huyo ndiye anayenifanya niamke saa kumi na moja bila kunung'unika.

Nisalimie mwenzako Mwalimu Shem na kina mama wote wa kwaya.

Mwanao,
Brigid Wakesho


Wundanyi
8 Februari 2024

Mwanangu Wakesho,

Barua yako ilifika Jumanne, imelowa pembe moja, lakini ilisomeka. Mimi sijambo, goti ndilo lenye jambo. Ng'ombe amezaa dume, hasara tupu. Ukungu haujainuka tangu Jumapili na nguo hazikauki. Mchungaji mpya anahubiri saa moja na robo. Nimeanza kuvaa saa ya mkononi na kuitazama waziwazi, na bado hajaelewa.

Kuhusu hiyo karatasi nimefurahi, sitaficha. Nilimsomea Mwalimu Shem sehemu ile, akasema una bahati kupata kazi inayotumia ulichosoma. Nikamwambia bahati haihusiki. Sikuwafundisha wapite mtihani, niliwafundisha waone.

Sasa nikuulize. Kurasa tatu, na jina la kaka yako halimo hata mara moja. Arnold ndiye aliyekutafutia hiyo kazi. Ndiye aliyekuombea kwa meneja udhamini wa viza. Ndiye msimamizi wa zamu zenu, mko chini ya paa moja kazini, na wewe unaniandikia habari za soksi. Mimi nimemzaa mmoja tu, Wakesho. Ananipigia Jumapili, namsikia kama yumo ndani ya mtungi, anasema "niko sawa, Mama," halafu inakatika. Anakula? Amekonda? Anaenda kanisani? Hasira zimepoa? Nijibu moja baada ya jingine, usiruke.

Shangazi yako


Erdington
3 Machi 2024

Shangazi mpendwa,

Nakuombea goti lako, na pole kwa hilo dume. Mimi nina mafua tu. Maswali yako: anakula. Hajakonda. Kanisani anaenda Jumapili ambazo hayuko kazini. La nne nalifikia, na barua hii nimeianza mara nne nikaichana, kwa hivyo nivumilie.

Jumanne ya tarehe ishirini Februari nilikuwa namwosha Bi Swaran asubuhi. Mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Upande wa nje kuna alama nne zimepangana, kila moja sentimita mbili na nusu kwa moja na nusu, nyekundu iliyokolea. Upande wa ndani iko moja, pana zaidi, sentimita tatu kwa mbili. Shangazi, si lazima nikwambie ni kitu gani chenye nne upande huu na moja upande ule. Niliuweka mkono wangu juu yake bila kumgusa. Vidole vyangu havikuzifikia. Jioni iliyotangulia aliyemlaza ni Arnold, peke yake, maana mwenzake wa zamu hakufika.

Nilichukua karatasi nikaanza kuchora. Arnold akaja akasimama nyuma yangu. Hakupaza sauti, alisema kwa Kidawida: "Alitaka kuanguka, nikamdaka. Chora moja, andika roundish, inatosha." Nikamwambia ziko tano. Akasema, "Wakesho, udhamini wako unaisha Septemba. Na Mama ana presha." Akayaweka hayo mawili pamoja hivyo hivyo, akaondoka kwenda kugawa dawa.

Nikachora kiduara kimoja. Nikaandika "roundish bruise, left upper arm". Nikatia sahihi yangu na saa, saa mbili kasorobo.

Naona aibu hata kukuandikia. Mimi sikukosa uhakika. Nilikuwa na uhakika mpaka wa nusu sentimita, rula ilikuwa mfukoni. Bi Swaran alinitazama muda wote nikimfunga vifungo, na nilipomchana hakunishika kidevu.

Naweza kwenda kwa Fiona nikasema nilidanganya, niandike upya. Nataka kwenda. Lakini huyu ni mwanao, na siwezi kukufanyia hivyo kisirisiri, wewe uliyenilea. Niambie niende. Andika neno moja tu, "nenda", tia kwenye bahasha. Kila siku naangalia mlango wa chini kama posta imepita.

Mwanao,
Wakesho


Wundanyi
21 Aprili 2024

Mwanangu Wakesho,

Mvua zimeanza vizuri, maharagwe yametoka. Tumemzika mzee Mwakio wa ng'ambo ya mto, watu walikuwa wengi, chakula kikapungua, maneno yakawa mengi kuliko chakula. Mwalimu Shem amevimba kidole gumba cha mguu, anatembea na kandambili moja na kiatu kimoja. Mchungaji amepunguza hadi dakika hamsini. Yule ndama tumemwita Hasara, na anaitika. Macho yangu yanasumbua, ndiyo maana nimechelewa kukuandikia. Posta nayo ilifungwa siku kadhaa.

Kuhusu yale mengine. Barua yako niliisoma mara moja nikaitia motoni, chai ikachemka juu yake. Mambo kama hayo hayaandikwi.

Ngozi ya wazee ni nyepesi. Hata ukimshika kwa upendo inabaki alama. Kaka yako amekwambia alimdaka. Ulikuwepo? Hukuwepo. Mtu ambaye hakuwepo hana uhakika, na neno la mtu asiye na uhakika mimi ndiye niliyekufundisha. Umeliandika. Liache hapo lilipo.

Nilikuchukua mazishini kwa mama yako una miaka minane na kiatu kimoja. Sikumuuliza Arnold kama anataka mdogo. Alihama chumba chake mwenyewe, akalala jikoni miaka mitatu ili wewe upate kitanda, na asubuhi alikuwa anakubebea madumu. Huyo ndiye unayetaka nikwambie nenda ukamfunge. Mkono wangu hauwezi kuliandika neno hilo, usinisubiri.

Huko kukiwa na baridi bado, vaa sweta.

Shangazi yako


Erdington
2 Juni 2024

Shangazi,

Leo sisalimii vizuri, utanisamehe au hutanisamehe.

Nilikutii. Karatasi niliiacha kama ilivyo. Tarehe kumi na nne Mei, jioni, zamu ya Arnold, Bi Swaran alivunjika mkono, ule ule wa kushoto, karibu na kifundo. Arnold anasema alianguka. Daktari aliyemtibu amesema mkono huo umesokotwa. Miezi mitatu karibu, Shangazi! Ningesema, Arnold angekuwa mbali naye siku nyingi.

Binti yake, Sukhjinder, ana duka la vitambaa Small Heath, hana mchezo. Alidai karatasi zote za mama yake tangu Januari. Ameikuta moja tu yenye alama kwenye mkono huo. Ina kiduara kimoja, "roundish", na jina langu. Arnold naye amewaambia, kwa sauti ile yake ya upole, kwamba Brigid ndiye anayemwosha kila siku, na kwamba mimi mwenyewe nilikiri kwake kuwa nilimgonga na kitanda. Miaka kumi yuko pale, watu wanampenda. Mimi nina mwaka na nusu. Nimesimamishwa kazi, siruhusiwi hata kupita barabara ile.

Nilimwambia Fiona ukweli wote. Alinisikiliza mpaka mwisho akaniuliza swali moja tu: wewe unayepima kila kitu, siku ile rula ilikuwa wapi?

Tarehe kumi na nane Julai naitwa kikaoni mbele ya wakubwa wa kazi. Nikishindwa, kazi imeenda na viza imeenda, na mahali popote nitakapokwenda nitakuwa mwanamke aliyemuumiza mzee. Kitu kimoja tu kinaonyesha kwamba niliziona tano na nilijua ni za nani, na ni barua yangu ya tarehe tatu Machi. Ina vipimo, ina tarehe, ina muhuri wa posta, iliandikwa kabla mtu yeyote hajanishuku. Nayo umeitia motoni. Kama kweli uliitia. Maana mimi nakujua. Mtu anayetunza madaftari ya darasa la sita ya mwaka elfu mbili na tatu hachomi barua.

Na kwa kuwa nimeanza, nimalize. Nilikuwa kidato cha pili, likizo ya Aprili. Ulishinda na sweta wiki nzima, jua likiwaka. Nilipokukanda kwa maji ya chumvi niliziona alama mkononi mwako. Nikakuuliza mbona ziko nne. Ukasema umepigwa pembe na ng'ombe, ni kialama cha mviringo tu, niache maswali. Shangazi, ng'ombe wetu wa wakati ule hakuwa na pembe. Na Arnold wiki ile hakulala nyumbani.

Wewe ndiye wa kwanza kuandika roundish, mimi nimenakili. Nitumie barua yangu. Mpe mtu aipeleke Voi au Mombasa, itumwe kwa njia ya haraka, ifike kabla ya siku hiyo. Sikuombi kingine tena maishani.

Wakesho


Wundanyi
30 Juni 2024

Wakesho,

Tuko wazima. Hasara ameachishwa maziwa.

Sikuichoma. Iko chini ya godoro langu, upande wa ukutani. Nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kukatika.

Nimekwenda nayo posta mara mbili. Mara ya kwanza nilifika dirishani, binti akauliza, "Uingereza, Mwalimu?" nikamwambia la, nataka stempu. Mara ya pili sikufika dirishani.

Kwa kuwa umeniuliza bila haya, nitakujibu bila haya. Ilikuwa mara moja. Haya, ilikuwa mara mbili. Alikuwa amefukuzwa kazi ya tatu, nami nikamsema mbele ya wageni, ulimi wangu unaujua. Alinishika akanitikisa, kisha akaketi sakafuni akalia kunishinda mimi. Kwa hivyo umbo lake nalijua, huna haja ya kunipimia kwa sentimita.

Nilifikiri Ulaya itampoza. Watu wazima, kazi ya taratibu, heshima. Nilimwombea kila siku apate mahali asipokuwa na mtu wa kumkasirisha. Nikakupeleka na wewe karibu naye, umtazame. Hilo ndilo kosa langu, na nalikubali.

Lakini sitaituma. Wewe una miaka thelathini na mitatu, una vyeti, una mdomo, utapata pengine. Arnold akifungwa, mimi nitaitwa Mama na nani? Wewe umeniita Shangazi miaka ishirini na mitano. Sikulaumu, ndivyo nilivyo kwako. Nichukie ukitaka, lakini usije ukasema sikukujibu.

Mghoi


Erdington
8 Agosti 2024

Shangazi,

Barua hii anakuletea Solomon, yule kijana wa Mwatate tunayesali naye hapa. Anasafiri kesho. Nimemwambia akupe wewe mkononi, si jirani, si mtu wa dukani. Isome mbele yake.

Yako niliipata Julai tarehe ishirini na tatu, siku tano baada ya kikao. Hata ungeitia ile yangu ya Machi ndani yake isingewahi. Basi usijisumbue na hilo, una mengine ya kujisumbua nayo.

Niliingia mikono mitupu. Niliomba karatasi mpya ya mwili, nikachora zote tano, kwa vipimo, kutoka kichwani. Nikasema aliyeniambia niandike vile na kwa nini nilikubali. Nikasema niliona, nilijua, na nilidanganya. Wameniamini, Shangazi, kila neno. Ndiyo sababu wamenifukuza. Mtu aliyeona akaandika uongo hawezi kuachiwa wazee, na nikikaa nikafikiri, hata mimi nisingekuacha wewe mikononi mwake. Jina langu limepelekwa juu waamue kama nitaruhusiwa kazi hii tena. Viza imebaki siku za kuhesabu.

Sukhjinder nilikutana naye nje, kwenye kituo cha basi. Amemchukua mama yake, anamlea mwenyewe. Mkono umeunga vibaya, hawezi kushika kijiko. Nilimwambia pole. Akasema, "Ungeandika ulichokiona Februari, mama yangu angekuwa na mkono wake." Hakupiga kelele, hakunitukana, aliniangalia mpaka basi likaja. Afadhali angenizaba kofi.

Nilipokwisha kusema, mwenzetu mmoja, Deeqa, naye akapata moyo akasema aliyoyaona. Arnold wamemwachisha kazi wiki iliyofuata, na polisi wamemwita aende kituoni Jumatano ijayo. Hataenda. Jana alinipigia simu, mara ya kwanza tangu Mei. Nilijiandaa kwa matusi, hakutukana. Alisema tu, "Nimekata tiketi. Narudi kwa Mama." Nimewaambia polisi siku ya ndege, wamenishukuru, wamesema wameandika. Sijui kama watamzuia. Wasipomzuia, atatua Nairobi Jumapili, na Jumatatu mchana atakuwa mlangoni kwako.

Ulitaka abaki wa kukuita Mama. Amebaki, na anakuja kukaa. Hana kazi, hana jina, hana wazee wa kuwashika, na nyumba nzima atakuwa na wewe tu. Sikuandikii haya kukukomoa. Labda kidogo nakukomoa. Lakini nimeshindwa kula tangu aliponipigia, na si yeye ninayemwogopea.

Mwambie Mwalimu Shem ukweli, leo hii, usimwambie habari za ng'ombe. Akipita kila asubuhi kunywa chai hutapungukiwa na kitu. Solomon ana mfuko mweusi. Ndani kuna komeo la chuma la mlango wa chumba chako, la kufungia ndani, na skrubu zake nane. Ameniahidi atalifunga mwenyewe kabla hajaenda kwao. Usimwambie hapana, na usimwambie kesho. Akimaliza, ingia ndani ulifunge, yeye asukume kutoka nje kwa bega, kwa nguvu zake zote. Likicheza hata kidogo, asiondoke.

Wakesho